Kwa Nini Hatuuzi Tena Mbegu Kama Chakula Kamili cha Ndege

Mapema mwaka huu, baada ya swala ya alasiri, mzee mmoja wa Kibokoni, Mombasa, aliingia dukani kwetu akiwa amebeba tundu lililofunikwa kwa leso, akaomba jambo moja tu: "Nipunguzie mdomo wa kasuku huyu, mwanangu, umekuwa mrefu hata hawezi kumenya." Ndege mwenyewe alikuwa mmoja wa wale kasuku wadogo wenye asili ya Australia, wa miaka sita. Tulipomweka juu ya mizani alikuwa na gramu 54, ilhali wengi wa aina yake huwa kati ya gramu 30 na 40. Mdomo ulikuwa unachanika matabaka, na kwenye kucha kulikuwa na madoa ya kahawia mfano wa damu iliyovilia. Tulimwambia, "Mzee, mdomo huu hatuukati leo, ndege huyu aonwe kwanza na daktari wa mifugo," kwa sababu dalili hizo kwa pamoja mara nyingi huashiria ini lililojaa mafuta, na ndege mwenye ini kama hilo anaweza kuvuja damu nyingi kwa jeraha dogo. Daktari alithibitisha kwamba tatizo lilikuwa ini. Kwa miaka yote sita, ndege huyo alikuwa amelishwa mbegu peke yake, na nyingi zilikuwa za alizeti.

Mzee hakuwa mzembe. Alikuwa akimlisha alivyoshauriwa na waliomuuzia, nasi pia tuliwahi kuuza mchanganyiko huo tukiuita chakula kamili. Hatuuiti hivyo tena.

Mbegu si sumu, na ndege wengi wa porini huzila. Lakini ndege wa porini huruka masafa marefu kila siku, na pamoja na mbegu hula majani machanga, matunda, maua na magome. Ndege wa tundu husogea kutoka kijiti hiki hadi kile, huku akiwekewa mbele yake alizeti ambayo ikishamenywa, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Uwele na mtama hauna mafuta kiasi hicho, lakini nao, kama alizeti, una vitamini A kidogo mno, kalsiamu haba na fosforasi nyingi kupita kiasi. Kununua mchanganyiko wa mbegu za rangi nyingi hakusaidii sana, maana ndege huchagua azipendazo na kumwaga zilizobaki.

Kinachowapotosha wafugaji ni muda. Ndege anayelishwa mbegu tu hula kwa hamu, huimba na hung'aa manyoya kwa miaka kadhaa, kisha siku moja huonekana kama ameugua ghafla. Ukosefu wa vitamini A hufanya utando laini wa pua, kinywa na koo uwe mgumu na mnene, njia za makamasi zikaziba, na vijidudu vikapata pa kuingilia. Mfuga huona kupiga chafya, macho kuvimba, au vijipu vyeupe kinywani. Kasuku wa kijivu (ambaye, tukumbushane, kumfuga nchini kunahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya) huathirika zaidi kwa kupungukiwa kalsiamu katika damu: hutetemeka, huanguka kutoka kijitini, hata akapata kifafa. Kasuku wadogo wakikosa iodini huvimba tezi ya shingo na kupumua kwa mlio mwembamba. Kasuku wa kijivu anaweza kuishi zaidi ya miaka 40, na inatuuma kumwona amechoka kabla ya kufika nusu ya umri huo.

Liko pia suala la bakuli. Ndege humenya mbegu na kuyaacha makapi palepale, hivyo bakuli huonekana limejaa ilhali hamna kitu cha kuliwa. Lipulize kila asubuhi, uone kinachobaki. Na kwa unyevu wa Mombasa, gunia la karanga au mbegu lililokaa wazi huota ukungu upesi. Sumukuvu itokanayo na ukungu huo, ile iliyowaua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 kupitia mahindi, huharibu ini la ndege pia. Nunua kidogo kidogo, na usimpe chochote chenye harufu ya uvundo.

Vinavyofaa havihitaji kuagizwa ng'ambo. Boga, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, majani ya kunde, sukuma wiki na papai vyote vinapatikana soko la Kongowea. Hata pilipili nyekundu hufaa, kwani ndege hausikii ule ukali. Mfupa mweupe wa ngisi unaotupwa ufuoni na bahari, ukiloweshwa katika maji safi na kuanikwa juani hadi ukauke, humpatia kalsiamu, na jua la asubuhi lisilopitia kioo humsaidia kuitumia. Peleti, yaani chembe za chakula kilichosagwa na kuchanganywa pamoja, nazo ni nzuri, kwa kuwa hawezi kuchaguachagua. Parachichi usimpe kabisa, hata kipande kidogo. Linaweza kumuua kwa siku moja.

Tafadhali usimwondolee mbegu kwa mkupuo. Ndege aliyezizoea hajui kwamba boga ni chakula, na anaweza kufa njaa akilitazama. Mabadiliko huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi: mpe chakula kipya asubuhi akiwa na njaa, kikatwe vipande vidogo na kinyunyiziwe mbegu chache juu, kisha umpime kila siku kwa mizani ya jikoni inayoonyesha gramu. Wa gramu 35 akipungua gramu 3, mrudishie mbegu zake na uombe ushauri.

Kupima uzito hapa dukani ni bure, na yeyote tunayemwona na dalili za ugonjwa tunampeleka kwa daktari wa mifugo badala ya kumuuzia dawa. Njoo naye asubuhi kabla hajala, tundu likiwa limefunikwa asishtuke njiani, na uje na kiganja kimoja cha chakula anachokula sasa, pamoja na karatasi ya chini ya tundu bila kuisafisha, kwa maana kinyesi chake kitatueleza mengi.