Aikande, safari hii wewe ndiye mgeni

Marangu, 24 Agosti 2025

Mwanangu Aikande,

Hatujambo hapa. Goti la mama yako bado linamsumbua, ila anapika na kugomba kama kawaida, kwa hiyo usiwe na shaka. Barua hii nampa Eliya akufikishie Arusha kabla hujapanda ndege ya kwenda Nepal kuupanda huo mlima wa Manaslu. Kwenye simu hushikiki. Nikianza jambo unasema "sawa baba", halafu ghafla mtandao unasumbua. Karatasi haina mtandao.

Juzi niliingia chumbani kwako kutafuta tochi, nikaiona ile picha ukutani, ya yule mpanda milima Mtaliano mwenye ndevu, Messner. Nikamwomba Eliya anisomee habari zake kwenye simu. Jioni tatu tumekaa naye jikoni, na nyingine nimezisoma mwenyewe kwa miwani ya mama yako. Sikatai, yule ni mwanamume. Everest bila mtungi wa oksijeni, yeye na mwenzake Habeler, Mei 1978, wakati watu wenye elimu zao wanasema haiwezekani. Mwaka 1980 akarudi peke yake kwa upande wa Tibet. Vilele vyote 14 vinavyopita mita 8,000 akavimaliza mwaka 1986, wa kwanza duniani. Na hapa kwetu Kilimanjaro alipita, mwaka uleule wa 1978, akaupanda ule ukuta wa Breach ambao sisi tukipita Barranco tunautazama kwa mbali na kuharakisha wageni. Mimi nilikuwa bado nachunga mbuzi. Waliombebea mizigo mpaka chini ya ukuta sijawahi kuona popote majina yao yakitajwa.

Habari za watu kama hao ndizo nilizokaa kuziandika, mama. Usinichoke.

Wamemzulia maneno mengi yule mzee. Mwaka 2023 watu wa Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, walimwondolea sifa ya kuwa wa kwanza kumaliza vile vilele 14, kwa kuwa Mjerumani mmoja mpiga mahesabu alisema kule Annapurna, mwaka 1985, aliishia mita kama tano chini ya ncha yenyewe. Wakampa Mmarekani Viesturs, naye akasema wa kwanza ni Messner. Watu wazima na ndevu zao wanagombania mita tano! Na hiyo Manaslu yako ndiyo yenye ugonjwa huo. Miaka na miaka watu wanaishia kwenye kilima cha mbele, wanapiga picha, wanarudi kusema wamefika, mpaka 2021 picha ya droni ilipoonyesha kileleni hasa ni wapi. Ukifika hapo na mwenzako akasema basi, iwe basi. Hakuna mtu Marangu atakayekuja kukupima kwa futi.

Habari ya mdogo wake, Günther, aliyepotea kwenye mlima wa Nanga Parbat mwaka 1970 wakiteremka, unaijua kuliko mimi. Wenzao wa msafara walidai alimtelekeza ili avuke mlima apate sifa. Mabaki yalipoonekana mwaka 2005 upande wa Diamir, ule ambao siku zote alisema waliteremkia pamoja, maneno yalipungua, ingawa hayakuisha. Hilo mimi simhukumu. Alipoteza mdogo wake, na vidole vya miguu juu.

Lililoninyima usingizi ni la Manaslu, mwaka 1972. Picha umebandika, sijui kama na hili umelisoma. Messner alikuwa anakwenda kileleni na kijana anayeitwa Franz Jäger. Kati ya njia Franz akasema amechoka, anarudi hemani, wewe endelea. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, njia haikuwa mbaya. Akamwacha arudi peke yake. Yeye akafika juu, na wakati wa kushuka dhoruba ikawaka, haoni hata mkono wake. Katika upepo ule akasikia sauti ya Franz inaita. Akajua Franz yuko hemani, anamwita ili apate mwelekeo. Alipolifikia hema akakuta wenzake wengine wawili. Franz hayumo. Hao wawili wakatoka kumtafuta, na mmoja, Andi Schlick, naye hakurudi.

Nilimwambia Eliya azime simu.

Unajua kwa nini, na sitaki kulirudia lile la Kibo, mama yako akilisikia analala na kisirani. Nitasema hivi tu. "Teremka polepole, njia unaijua." Mtu anaweza kuyasema maneno hayo akiwa na akili timamu, asubuhi nyeupe, Mawenzi inaonekana mpaka ufa, na mgeni wake amesimama pembeni anaangalia saa. Kijana ana kichwa kinauma tu, hatapiki. Toka Kibo mpaka Horombo ni jangwa tupu, mahali hata mtoto hapotei. Ukungu ukishuka saa sita ndipo unakumbuka kwamba hukumpa hata mtu wa kwenda naye. Mabati ya jiko letu yalinunuliwa kwa tipu ya safari ile. Sasa yameanza kuvuja upande wa kuni, na fundi anataka tubadilishe yote, sio kuziba. Nafikiri ana haki.

Mama yake yule kijana, kule Rombo, nimempelekea sukari na sabuni wiki iliyopita kama kila mwaka. Alikuulizia. Sikumwambia unakwenda wapi.

Sasa sikiliza. Miaka tisa umekuwa upande wetu. Ulianza na trei za mayai kichwani, wagumu wenzako, wabeba mizigo, wakakucheka, ukawapita wote pale kwenye miti ya mwisho. Unajua mzani wa getini unavyodanganywa, begi moja linapimwa kilo 20 na jingine limefichwa kichakani. Unajua mgumu anayesema "mzima" huku midomo imeshageuka bluu, kwa sababu akishushwa siku ya pili anakosa hela. Haya yote unayajua ukiwa unayaangalia kutoka chini. Safari hii wewe ndiye mgeni. Kuna mtu atakubebea hema, atakuchemshia theluji upate chai saa saba usiku, atatangulia kufunga kamba. Naye atakuambia yuko mzima. Usimwamini. Muulize mara mbili, mwangalie anavyotembea, mbane ile mashine ya kidole ya kupimia oksijeni hata akikataa.

Tulipowalilia wale wawili waliofia Everest mwaka jana, mwezi wa tano, jirani yetu Mkenya Cheruiyot Kirui na mwongozaji wake Nawang Sherpa, wewe mwenyewe uliandika jina la Kirui kwenye simu yako ukaweka mshumaa. La Nawang hukuliandika. Nililiona hilo nikanyamaza, ila lilinikaa. Kirui alikwenda bila oksijeni kwa hiari yake, alikuwa mtu mzima na mlima aliujua, Mungu amrehemu. Nawang alikuwa kazini. Na yule mbeba mizigo Mpakistani wa mlima wa K2, Muhammad Hassan, Julai 2023, watu wakapita pale alipoanguka wakielekea juu. Wengine wanasema walijaribu kumsaidia kwa saa kadhaa, na huenda ni kweli, mimi sikuwepo. Lakini siku ile kilele kilifikiwa na watu wengi, naye akafia njiani. Alikuwa amekwenda kutafuta riziki ya watoto.

Kwa hiyo ukifika Kathmandu, kabla ya mambo ya picha, niandikie jina la huyo atakayetembea na wewe. Jina lake, kijiji chake, ana watoto wangapi. Na akisema anarudi, unarudi naye. Wewe ukichoka, usikubali akuambie teremka tu, njia unaiona. Hata kama huyo bibi aliyekulipia safari atakasirika. Hela yake najua ni nyingi, na najua alikuchagua wewe kati ya waongozaji wote, jambo ambalo nimelisema kanisani, sokoni, mpaka kwa yule mwalimu aliyekuambia mlima si kazi ya msichana. Nilimfuata nyumbani kwake nikamwambia. Mama yako aliona aibu.

Lakini ada ya chuo cha uhasibu niliyolipa na hukwenda, hiyo sijasahau.

Mengine ni madogo. Fomu ya bima umeandika namba yangu ya zamani kwenye ndugu wa karibu, irekebishe. Chukua zile soksi za sufu, sio za dukani. Ng'ombe anakaribia kuzaa, kiwele kimejaa, nafikiri ni wiki hii. Ndizi nimempa Eliya mkungu mmoja, wape wenyeji wako, wewe huwezi kusafiri nazo. Kahawa imeanza kuingia wadudu kule mfongoni, kwenye mfereji, na nilitaka kupiga dawa leo asubuhi, nikakuta stoo imefungwa. Bomba liko ndani na ufunguo umeondoka nao, uko kwenye lile koti la bluu. Mpe Eliya arudi nao.

Baba yako.