Kwa nini tunakatia patamu

"Jamani, mbona mnatukatia patamu?" Ujumbe huu huingia kwenye simu ya duka kila Jumatano jioni, wino haujakauka vizuri. Wasomaji wetu wa riwaya ya mfululizo, leo tuwajibu.

Kila sehemu ina maneno kama 1,200, kurasa nne za karatasi iliyokunjwa katikati. Unaimaliza ndani ya daladala kabla hujashuka, au maharage yakiwa jikoni. Pa kukatia anachagua mwandishi mwenyewe. Wiki hii kakatia mkono uko kwenye kitasa, mlango haujafunguka, maana anataka mbishane siku saba nani yuko ndani. Na mnabishana kweli, tunawasikia hapa dukani.

Kitabu kizima hatuwezi kuwapa kwa sababu hakijaisha. Mwandishi amewatangulia kwa sehemu nne tu. Mwaka 1836 kule London, Charles Dickens alianza kutoa riwaya yake ya kwanza hivyohivyo, kijitabu kila mwezi kwa shilingi moja ya Kiingereza, huku akiendelea kuiandika. Asiyemudu bei ya kitabu kizima aliimudu shilingi hiyo. Nasi tumepiga hesabu ileile: Sh 500 kwa wiki.

Mwezi uliopita tulikosea. Wasomaji wa WhatsApp tuliwatumia sehemu ya 14 kabla ya 13, wakakuta watu wanarudi makaburini nao hawajui nani kafa. Tunaomba radhi kwa dhati, kwa sababu raha ya namna hiyo ikishaharibika hairudi. Sasa namba ya sehemu inachapwa kubwa juu kabisa, kisha mistari mitatu ya "Ilipoishia", ndipo mnaendelea.

Aliyepitwa aje dukani, tunabakiza nakala kumi za kila sehemu. Mama mmoja fundi cherehani amebana zake zote kwa pini tangu ya kwanza, anazitunza kwenye droo ya cherehani pamoja na nyuzi. Hadithi ikiisha tutamjalidia bure, na yeyote mwenye sehemu zote 24 vilevile.

Tunawasihi, msizirushe kwenye magrupu. Mwandishi analipwa kwa kila nakala inayouzwa, na zisipouzwa atatafuta kibarua kingine, Jumatano ipite hivihivi.

Sehemu ya 17 inatoka kesho saa kumi jioni. Mlango unafunguliwa.