Zuhura, kuhusu wale mbu wa Bagamoyo

Bagamoyo,
Januari 2026

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Vuli imetuachia madimbwi nyuma ya shule, na kila magharibi mbu wanatupokea kama wageni rasmi. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Unauliza kama ni kweli Bagamoyo wanatengeneza mbu wenye damu ya chura, na kwamba upepo wa kusi ukianza watavuka mpaka Unguja. Nimeona si la kulijibu kwa dakika moja, acha nikuandikie.

Chura yumo, ila si damu yake. Taasisi ya Afya ya Ifakara ina kituo hapa Bagamoyo, na wanasayansi wake, wakishirikiana na wenzao wa Imperial College ya London, wamehariri jeni za mbu wetu hawa hawa, Anopheles gambiae. Wamempachika maelekezo ya kutengeneza protini mbili fupi tumboni kila anapokunywa damu. Moja iligunduliwa kwanza kwenye ngozi ya chura wa majini mwenye kucha, nyingine imo kwenye sumu ya nyuki. Kazi ya protini hizo ni kudumaza vimelea vya malaria. Vimelea vinachelewa kukomaa, na mbu mwenyewe umri wake unapungua, basi wengi wanakufa kabla vimelea havijafika kwenye mate. Atakuuma kama kawaida na kelele za sikioni utazisikia vile vile, lakini tarajio ni kwamba atakuachia muwasho tu.

Mwishoni mwa 2025 walichapisha matokeo kwenye jarida la Nature. Kilichonifurahisha ni kwamba mbu hao wametengenezwa hapa nchini, na vimelea vilivyotumika kuwajaribu vilitoka kwenye damu ya watoto wa huku waliokutwa na malaria, si vimelea vilivyofugwa miaka nenda miaka rudi kwenye maabara za Ulaya. Mbu wote wamo ndani ya jengo lenye milango juu ya milango. Hakuna aliyeachiwa nje. Na huyo aliyehaririwa, akiwa peke yake, hawezi kuisambaza jeni yake kwa nguvu. Ili jeni hiyo isambae inahitaji sehemu ya pili, na ametenganishwa nayo makusudi. Kwa hiyo waambie watu wa huko kwenu Kizimkazi walale.

Walale, ila wasizame usingizini. Maana hatua ya mbele inajulikana, na ndiyo inayonifanya niandike kurasa badala ya mstari mmoja.

Wewe mwenyewe umekulia kwenye jambo linalofanana na hili. Ulinisimulia tukiwa chuoni, habari za ndege ndogo zilizokuwa zikipita juu ya msitu wa Jozani na kudondosha vimakasha vya karatasi. Ndani mlikuwa na ndorobo, yaani mbung'o, madume waliofugwa Tanga, wakapigwa mionzi wasiweze kuzalisha. Walimwagwa zaidi ya milioni 8 kati ya 1994 na 1997. Ndorobo wa mwisho wa mwituni alinaswa Septemba 1996, na ng'ombe wa Unguja wakasahau nagana, ugonjwa unaoletwa na ndorobo. Mzee wako ni shahidi. Naomba umuulize jambo moja: wakati ule, sheha aliwaita wakaulizwa, au waliambiwa tu kwamba ndege zitapita?

Ndorobo wale hawakuwa wamehaririwa jeni. Na dume lililopigwa mionzi likifa, limekwisha. Ndege ikiacha kuruka, kila kitu kinasimama. Mbu anayekusudiwa huko mbele ni mwingine kabisa. Kwa kawaida mzazi mmoja humrithisha mtoto nusu ya jeni zake, kwa hiyo jeni moja mpya huwafikia nusu tu ya watoto wake. Kwa teknolojia ya CRISPR, ambayo ni kama mkasi wa kukata na kuhariri jeni, inawezekana kutengeneza jeni inayojinakili yenyewe, ikawafikia karibu watoto wote, na wajukuu, na vitukuu. Mwaka 2018 watu wa Imperial walichezea jeni inayohusika na jinsia ya mbu, na kundi zima la mbu kwenye vizimba likatoweka ndani ya vizazi 7 hadi 11. Hawa wa kwetu hapa hawakusudiwi kutoweka, wanakusudiwa kubadilika tu wasibebe malaria. Lakini kwa njia zote mbili, ukishamwachia huyo wa kujisambaza, kumrudisha ndani si kazi ya mtu mwenye kikapu cha kunasia.

Sasa sikiliza. Juzi nililipeleka suala hili kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, baada ya kuhesabu hisa na kabla watu hawajaanza kuangalia saa. Nilieleza kama ninavyofundisha darasani, nikachora mpaka utumbo wa mbu. Wakasikiliza vizuri. Kisha bibi mmoja muuza samaki wa kukaanga, ambaye kwa kawaida hata mchango wa msiba anautoa bila kufungua mdomo, akauliza: "Mwalimu, mimi nikisema simtaki, huyo mbu ataambiwa asiingie kwangu?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea: "Dawa ukinipa naweza kuitema. Chandarua nikiona sikitaki nafunikia mchicha. Huyu nitamkataaje?"

Zuhura, nimesoma makala nyingi za wakubwa kuhusu maadili ya kuhariri jeni, na sijaona aliyelisema kwa ufupi kama huyo bibi. Mgonjwa anayejiunga na utafiti wa dawa anasaini fomu, na akibadili mawazo anaondoka. Mbu hana fomu. Akiruhusiwa na mmoja ameruhusiwa kwa wote, wa mtaa huu na wa mtaa wa pili, hata wale ambao hawajazaliwa.

Wenzetu wa Burkina Faso walishakutana na swali hilo. Kwenye kijiji cha Bana, Julai 2019, mradi wa Target Malaria uliachia madume elfu 6 na ushee waliobadilishwa jeni. Walikuwa tasa, wasioweza kujisambaza, hatua ya kujifunzia tu. Kabla ya hapo walikaa na kijiji kwa miaka, wakaeleza, wakajibu, mwishowe wakachukua ridhaa ya jamii nzima badala ya nyumba moja moja. Mimi nawapa heshima yao kwa hilo. Kuna watafiti wengi tu ambao wangemaliza na mwenyekiti wa kijiji na soda mbili.

Lakini Agosti 2025, siku chache tu baada ya kuachia wengine kwenye kijiji kingine, serikali ya Burkina Faso ilipiga marufuku shughuli zote za mradi. Vyumba vya mbu vikafungwa, sampuli zikaamriwa ziteketezwe. Kazi iliyoanza 2012. Wapo waliosema ni siasa, wapo walioshangilia kwamba Afrika si uwanja wa majaribio ya wazungu. Ninavyolisoma mimi, ridhaa ya kijiji ilikuwa kweli ila ilikuwa ndogo kuliko jambo lenyewe. Mtu wa mjini aliyelisikia kwa mara ya kwanza kwenye simu, likiwa limeshakolezwa chumvi, hakuwa na sababu ya kulitetea. Hata sisi yametupata: mwaka 2018 Wizara ya Kilimo iliamuru majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa jeni (GMO) pale Makutupora, Dodoma, yasitishwe na mabaki yaharibiwe. Mahindi hayo yalikuwa ndani ya uzio, na mahindi hayaruki.

Na usisahau kwamba sisi watu wa pwani tuna mumiani kichwani. Nilipotaja damu ya watoto, nilimwona mama mmoja kakaa sawa. "Waliipataje?" Nikasema kwa ridhaa ya wazazi. Akanijibu bila kuchelewa: "Na mzazi anayepimiwa mwanawe bure atasema hapana?" Mtu wa maabara anaweza kuita huo ushamba. Mimi naona ni hesabu ya mtu anayejua bei ya vitu.

Usinielewe vibaya, mimi huyo mbu namtaka. Mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, wengi wao watoto wa Afrika wasiotimiza miaka mitano. Nimefundisha watoto waliorudi darasani baada ya malaria ya kichwa wakiwa si wale niliowajua. Kule Kagera wameshakuta vimelea vyenye usugu wa kiasi kwa artemisinini, dawa iliyo ndani ya dawa mseto tunazozitegemea, na mbu wenyewe wamezoea viuatilifu vya kwenye vyandarua. Anayesema tusubiri mpaka kila mtu aridhike, na amwambie hivyo mama aliyeko wodini usiku huu. Kusubiri nako kunaua, ila kunaua kimya kimya na hakuna anayeandamana.

Ndiyo maana kinachoniudhi si utafiti. Kinachoniudhi ni ile tabia ya kudhani kazi ya wananchi ni kuelimishwa. Kila mradi una afisa wa kuelimisha jamii, ana fulana, ana kipaza sauti, ana posho ya kikao. Afisa wa kuelimishwa na jamii sijapata kumwona. Umati ukiuliza swali gumu inaandikwa "uelewa bado mdogo", na semina nyingine inapangwa. Yule bibi wa samaki uelewa wake si mdogo hata kidogo.

Kwenye karatasi mambo si mabaya. Novemba 2018, nchi zilizo kwenye Mkataba wa Bioanuwai, ule wa kimataifa wa kulinda aina za viumbe, zilikutana Sharm el-Sheikh, Misri, zikakubaliana kwamba kabla ya kuachia viumbe wenye jeni za kujisambaza, itafutwe ridhaa ya jamii zinazoweza kuguswa, ridhaa huru, ya mapema, yenye taarifa kamili. Kisha wakaweka kile kijineno chao, "pale inapohusika", kwa kufuata hali na sheria za kila nchi. Ukiwahi kudai fidia ya shamba unajua kijineno kama hicho kinavyoweza kutafuna ukurasa mzima.

Na nyinyi wa Unguja hapo ndipo mnaponipa mawazo. Maambukizi ya malaria kwenu yamekuwa chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi, kwa jasho lenu wenyewe na la wapuliziaji dawa. Mkiulizwa leo kama mnamtaka mbu aliyehaririwa, mna haki ya kusema: wa nini? Wakati huo huo sehemu kubwa ya malaria mnayoipata inakuja na wasafiri kutoka huku bara, kwa hiyo sisi tukipona na nyinyi mnapumua. Na mbu akiachiwa Bagamoyo, boti ya Unguja haimkatii tiketi. Tena utafiti wa Mali uliochapishwa 2019 ulionesha mbu wa malaria wakisafirishwa na upepo usiku, juu sana, na ukakadiria kwamba wanaweza kwenda mwendo wa mamia ya kilomita. Basi mwenye kuulizwa ni nani? Mtaa wetu? Wilaya? Wizara mbili za afya, ya bara na ya Zanzibar? Mombasa je? Hilo sitaki lijibiwe siku makasha yanapakiwa kwenye gari. Nataka lijibiwe sasa, mbu wakiwa bado ndani na kila mtu akiwa bado anaweza kusema hapana na hapana hiyo ikabadilisha kitu.

Kikundi chetu tumeanza kivyetu. Maswali tumeyaandika kwenye daftari, nyuma ya orodha ya wadaiwa, kwa hiyo halitapotea. Bibi wa samaki ana lake la kwanza. Dereva wa bajaji, mume wa katibu wetu, ameuliza mbu huyo akishindwa kazi baada ya miaka kumi, vimelea vikamzoea kama vilivyozoea dawa, gharama ni ya nani. Mama mmoja ameuliza kama vyandarua vya bure vitaendelea kuja au tutaambiwa tayari mmepewa mbu. Hili la mwisho mimi mwenyewe halikuwa limenipitia akilini, na nadhani ndilo litakalowatoa jasho wakubwa kuliko yote. Kuna aliyeuliza kama mtoto wake atageuka rangi. Huyo nimemjibu mwenyewe, kwamba jeni ya mbu haihamii kwa anayeumwa.

Nakuomba ufanye hivyo hivyo huko. Wakusanye kina mama wa mwani, wale wa Jambiani wana maneno, na wazee wa barazani, usiwaache, watanuna. Usiwape majibu kabla hawajauliza. Andika wanavyosema wao, usinyooshe lugha. Ukinitumia kabla ya Ramadhani, nitayaunganisha na yetu na kuyapeleka ofisi ya mtaa kwa barua yenye muhuri wa kikundi, nakala ipelekwe kwa watafiti wenyewe. Hawako mbali, ni mwendo wa bodaboda tu, na nimeambiwa wageni wanapokelewa.

Jibu la mzee kuhusu sheha na zile ndege liweke kwenye karatasi yake peke yake. Akiwa anamkumbuka na mtu mwingine aliyekuwepo, muulize na huyo.

Nisalimie mama na watoto, na umwambie Bi Mkubwa ubuyu wake ulifika.

Wako,
Tatu