Jibu la swali lako la simu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi huku Vancouver ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Goti linaendeleaje?

Juzi uliniuliza swali nikiwa kazini, nikalikatisha. Ulisema: ikiwa kompyuta ndiyo inayochora, filamu moja inamalizaje dola milioni 200?

Mama, wanaochora ni watu. Wiki iliyopita nilipewa kipande cha sekunde 5: binti kasimama kwenye upepo, na nyuma yake utiwe mji unaowaka moto. Sekunde moja ni picha 24, kwa hiyo nilikuwa na picha 120, na katika kila moja nimtenge binti na pazia la kijani la studio, unywele kwa unywele. Ukikata kwa pupa, kichwa kinaonekana kimebandikwa. Ukisaza, ukijani unabaki kwenye ncha. Siku nne zimeishia kwenye nywele.

Na hiyo ndiyo kazi nyepesi. Unamkumbuka yule chuimilia wa filamu ya Life of Pi, aliyekufanya ujifunike uso kwa kanga? Sehemu kubwa ya unayoyaona pale si mnyama. Walianza na mifupa, wakaivika misuli, kisha ngozi inayoteleza juu ya misuli, kisha manyoya, nayo yalowe maji ya bahari na kukauka juani. Halafu ndipo kompyuta inapopiga hesabu ya mwanga, na picha moja tu inaweza kuchukua saa nyingi. Chukua saa 10 kwa picha: zile 120 zangu zingeiweka mashine moja kazini siku 50, usiku na mchana. Ndiyo maana makampuni hujaza kumbi kwa maelfu ya mashine, na umeme wake ni wa kulipiwa.

Linaloniuma ni bei. Mara nyingi kampuni ya uchoraji kama yetu hupatana na studio, yaani wenye filamu, bei moja kabla kazi haijaanza. Sasa fikiria mtu kakuagiza mkeka, mmepatana, umesuka ukili, umeshona, umetia taraza. Anakuja anataka wa duara, kwa pesa ile ile. Wewe ungemfukuza uani. Sisi tunafumua.

Waliomtengeneza chuimilia yule ni Rhythm & Hues wa Los Angeles. Februari 2013 waliomba mahakamani kinga ya kufilisika, na mamia ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Mwezi huo huo filamu ikapata tuzo ya Oscar kwa kazi yao hiyo hiyo. Mmoja wao alipoanza kuyataja matatizo ya kampuni jukwaani, muziki ulipigwa ukamfunika. Nje, mamia ya mafundi wenzake walikuwa wakiandamana. Nikilikumbuka hilo roho inaniuma hadi leo, maana filamu ile iliingiza mamia ya mamilioni ya dola.

Jana mwongozaji wetu kaamua mji usiwake, uwe umezama majini. Mwanga wa moto uliokuwa kwenye nywele za binti lazima utoke, uje wa maji. Kesho naanza upya picha ya kwanza.

Nipigie picha mkeka ule wa zambarau ukishaumaliza, na taraza yake ionekane vizuri. Msalimie baba mdogo na watoto wote.

Mwanao,
Zuhura