Zaituni, Rehema anaimba nini?

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Zaituni,

Salamu sana. Za huko Bagamoyo? Sisi hatujambo, mama anakusalimu. Nakuandikia mbio mbio maana harusi ya kwa kina Mwanahamisi imekaribia, na Rehema ndiye anayefungua taarabu. Sauti anayo, hilo si la kukuambia. Lakini juzi mazoezini bibi mmoja kanishika mkono: "Mwanangu, huyu anaimba nini?" Niliumia. Huu ni mji wa Black Star na Lucky Star, vile vikundi vya taarabu, watu wanakuja taarabuni kusikiliza shairi.

Mstari wenyewe: "Mpenzi moyo wauma, silali nakungojea." Mizani nane na nane. Ile m ya mwanzo ni mizani kamili, ina noti yake, naye anaimeza. Kwenye "wauma" u haisikiki kabisa. Na "li" ya "silali" ndiyo noti ya juu kuliko zote, i inambana koo.

Wakamwambia atamke. Basi katamka! Kila neno limesimama peke yake, p na k zinapasuka kwenye maiki, wimbo vipande vipande. Na wapo wanaosema ndiyo vizuri. Si vizuri, Zaituni. Sauti inakaa kwenye irabu. P na k zinaifunga, kwa hiyo zipite upesi kabla ya pigo la ile ngoma ya dumbaki, irabu ndiyo iangukie pigo. M, n na l hazifungi, hizo aziimbe kwa noti yake.

Jana nilimwimbisha irabu tupu, e-i-o-o-a-u-a, pumzi moja hadi kituo, m tukiivumisha mwanzoni. Kisha tukarudisha konsonanti, nyepesi. Weee! Kila neno likasikika na mstari haukukatika, hata mpiga fidla kageuka kumtazama. Tulipoingiza ngoma, akarudi kulekule kukata. Nadhani anaogopa wale wanaomwambia atamke, au labda mwendo wenyewe ni wa haraka mno, sijui, wewe utanisaidia.

Nimekutumia sauti kwa WhatsApp, isikilize kwa utulivu. Ile "li" aifungue kidogo isogee kwenye e, au wazee watanuna? Pumzi avute baada ya "wauma" tu, au nimpe nafasi nyingine? Wanafunzi wako unawaanzishia irabu au maneno? Na unakuja harusini au ndiyo umetusahau? Nijibu kabla ya Ijumaa, ndiyo mazoezi ya mwisho.

Shoga yako,
Mwanaidi