Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Mawakala wa Uchaguzi, Jimbo la Tanga Mjini, kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, Katibu Mkuu wa chama chetu. Viongozi wa mkoa na wilaya. Wazee wetu wa Ngamiani. Akina mama wa Makorora na Chumbageni. Ndugu wanachama: assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Karibu Tanga. Mji huu husemwa "waja leo waondoka leo", ila leo tunakuomba usiwahi kuondoka, kwani risala yetu ina hesabu ndani yake na hesabu hazisomwi mbiombio.

Ndugu Mgeni Rasmi, tumejifunza kazi ya wakala, yaani mwakilishi wa chama ndani ya kituo cha kura, kwa ajili ya kura ya Rais ya mwaka 2030, na sababu ya kuanza mapema imo kwenye Katiba yenyewe. Ibara ya 41(7) inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Wakenya walipeleka malalamiko Mahakama ya Juu na matokeo yakafutwa Septemba 2017. Wamalawi walifuta yao Februari 2020, na miongoni mwa vielelezo vilivyowasaidia ni fomu zilizopakwa wino mweupe wa kufutia tarakimu. Kwetu kesi ya ubunge ina pa kwenda, ya urais haina. Kwa hiyo karatasi yetu, yaani nakala ya fomu ya matokeo ya kila kituo, lazima iwe mkononi kabla Tume haijatangaza. Baada ya hapo itabaki kumbukumbu tu.

Hata hivyo kuna safari ndefu kabla ya kituo. Kwa sheria iliyopo, mgombea urais anahitaji wadhamini 200 katika kila mkoa kwa mikoa isiyopungua 10, miwili kati yake ikiwa ya Zanzibar, pamoja na dhamana ya shilingi milioni 1. Wadhamini 2,000 wanaonekana wachache mpaka ukumbuke kwamba mwaka 2025 fomu zilichukuliwa kuanzia tarehe 9 Agosti na mwisho wa kurudisha ulikuwa tarehe 27. Mdhamini lazima awe kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na hawezi kudhamini wagombea wawili. Ushauri wetu ni kukusanya 250 kila mkoa, katika mikoa 12, na kila kadi ya mpiga kura isomwe namba yake na mtu wa pili kabla ya kuandikwa. Wanaoharibu fomu mara nyingi si maadui. Ni mwanachama mwenye furaha aliyetaja namba ya kadi yake ya zamani.

Tuseme na lile gumu. Aprili 2025 CHADEMA hawakusaini Kanuni za Maadili ya Uchaguzi, na Tume ikasema hawatashiriki. Mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, aliondolewa, akarudishwa na Mahakama Kuu, akaondolewa tena. Mgogoro wake ulianzia kwenye kanuni za ndani za uteuzi wa chama. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya haki ya maamuzi hayo, nasi tunayo. Lakini chama kinachosubiri mwaka wa uchaguzi ndipo kianze kubishana kama kitasaini, au ndipo kisome katiba yake mwenyewe, kinampa mwekaji pingamizi kazi rahisi.

Sasa kituoni. Majina ya mawakala hupelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi siku zisizopungua 7 kabla ya kura, kisha wanaapishwa. Hapa ndipo tunapokwama zaidi. Jina kwenye barua ni Mwanahamisi, kwenye kitambulisho ni Mwanahamis, basi anazuiwa mlangoni. Au shule moja ina vituo vinne vilivyogawanywa kwa herufi za majina, naye kapangiwa cha pili lakini barua imeandikwa jina la shule tu. Dawa yake ni barua kunakiliwa kutoka kwenye kitambulisho, si kutoka kwenye simu ya katibu kata, na kila kituo kiwe na wakala wa akiba aliyeapishwa.

Kura hupigwa kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 10 jioni, na aliyekwisha kuwa kwenye foleni saa 10 anapiga. Wakala afike saa 12 alfajiri aone sanduku likiwa tupu, aandike namba za lakiri na idadi ya karatasi zilizopokelewa. Idadi hiyo ndiyo nanga ya siku nzima. Tuchukue mfano: zimepokelewa karatasi 400, zimebaki 110, zimeharibika 3, basi sandukuni ziwemo 287. Kura halali zikiwa 279 na zilizokataliwa 8, hesabu imekaa. Zikikutwa 301, kuna jambo, na wakati wa kulisema ni pale pale kabla fomu haijajazwa, kwa maandishi kwenye fomu ya malalamiko. Kugoma kusaini na kutoka nje kwa hasira hakubatilishi matokeo; kunatunyima nakala tu.

Kosa baya kuliko yote ni kusaini fomu tupu saa 9 alasiri "ili tuwahi kumaliza". Fomu ya matokeo ya Rais, ile iliyozoeleka kuitwa 21A, isisainiwe mpaka kila nafasi ijazwe, mgombea aliyekosa kura aandikiwe sifuri, na tarakimu zilingane na maneno. Moja na saba zimewahi kugombanisha watu wengi. Wakala apewe chakula cha mchana na cha usiku, maana mwenye njaa huondoka magharibi, na kuhesabu huendelea kwa tochi.

Fomu ikishabandikwa nje ndipo simu itoke. Picha ipigwe wima, pembe zote nne zionekane, bila mwako wa kamera kwani hufuta tarakimu. Isipokwenda, tarakimu zitumwe kwa ujumbe mfupi. Na tusitegemee hata huo: siku ya kura ya 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima. Bodaboda aliyejazwa mafuta tangu asubuhi, akisubiri Chongoleani, Tongoni au Kirare, atafika kwenye majumuisho ya jimbo na nakala yenyewe. Iwe ndani ya mfuko wa plastiki. Oktoba vuli huanza kwetu.

Ndugu Mgeni Rasmi, mwaka 2025 vituo vilikaribia 100,000. Wakala mmoja kila kituo, kwa shilingi 20,000 za nauli na chakula, ni shilingi bilioni 2, bila wa akiba. Ndiyo maana tunaomba jukwaa la muziki na fulana vipunguzwe, na kila tawi lianze sasa kuweka akiba ya mawakala wake. Tunaomba pia orodha ya mawakala wa Mkinga, Handeni, Kilindi na Lushoto iwe tayari kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2029. Fomu za uchaguzi ule si hizi, lakini kukaa mpaka kura ya mwisho ni kule kule. La mwisho, tunaomba fomu za mazoezi, kila mhitimu nakala 20, azijaze mpaka mkono uzoee.

Risala hii ina nakala tatu. Ya kwanza ni yako, ya pili ya ofisi ya mkoa, na ya tatu tumeibandika ukutani hapo nje ili utakayosema yalinganishwe nayo.

Tunaomba kuwasilisha.