Kwako, wajina wa baba yangu

Marahaba, baba. Najua hujaniamkia, huu ni mwaka wa tatu, lakini naitikia hivyohivyo ili tuanze.

Habari zako napewa na mama yako. Anasema umekonda, mchana unalala, usiku uko macho mbele ya kompyuta, na ukiulizwa unafanya kazi gani unajibu una mishe zako. Simu zangu hupokei, ila naambiwa huku mitandaoni unashinda. Basi nimekufuata hukuhuku. Wanaosoma na wasome, wengi wana mtoto kama wewe au shangazi kama mimi.

Nianze na lile la siku ya kuanua matanga, maana tukilizunguka hatutafika popote.

Mkeka ulikuwa barazani, chini ya dirisha la chumba cha babu yako. Wazee walishamaliza kugawa vilivyokuwepo: koti, redio, panga, baiskeli. Likabaki sanduku la bati. Wakasema ufungue wewe kwa kuwa jina ni lako. Mle ndani hamkuwa na hela kama wadogo zako walivyodhani. Kulikuwa na vipande, zile kadi za kazi za shamba la mkonge, zimepangwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya singa, nyuzi za mkonge, aliyoisokota mwenyewe. Ukaifungua ile kamba. Ukazitandaza mkekani kama mtu anayegawa karata. Ukatoa simu, ukaanza kuzidisha, thelathini mara ngapi, shilingi ngapi kwa siku, naikumbuka midomo yako ilivyokuwa ikienda. Halafu ukacheka. Ukasema kwa sauti, majirani wakisikia: "Babu kauza maisha yake kwa bei ya pumba, na nyie mnatuambia na sisi tukauze hivyohivyo."

Nikakupiga kofi.

Mama yako alikuwa ametoka na sinia la chai, akasimama nalo mlangoni asijue pa kuliweka. Wewe hukujibu kitu. Uliziokota zile kadi moja moja, ukazipanga zilivyokuwa, ukazifunga tena kwa ile kamba, fundo lilelile. Alfajiri tulipoamka ulishaondoka. Kofi najua kwa nini nililipiga. Lile fundo ndilo linaloninyima usingizi, maana mtu aliyedharau kitu hakifungi vile.

Sasa nikwambie nini ulichokuwa umekishika, kwa sababu siku ile hakuna aliyekwambia.

Babu yako alitoka Kasulu akiwa na miaka kumi na minane, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Treni kutoka Kigoma, halafu lori mpaka shambani. Waliitwa manamba, kwa sababu ukishaandikishwa unapewa namba, na siku ya mshahara inaitwa namba yako, si jina. Kambi yetu ilikuwa na Waha, Warundi, Wabena, Wamakonde, na karani hakuwa na haja ya kujua kutamka majina yao. Kazi ilikuwa ya kipimo: majani thelathini fungu moja, na mafungu sabini ndiyo siku. Ukifika sitini na tano jua likazama, nyapara hakuandikii. Umekata tangu alfajiri, miba imekutoboa, utomvu umekuwasha mpaka kwapani, na ile siku haipo. Kipande kilikuwa na vyumba 30, kila siku chumba kimoja, na hakikulipwa mpaka vyote vijae. Kwa hiyo ulipokuwa unazidisha zile thelathini ulikosea hesabu, baba. Ulihesabu siku zilizoandikwa tu.

Na kadi zenyewe hazikuwa zake kukaa nazo. Shamba lilipofungwa, ofisi iliachwa wazi, makaratasi yakawa yanapeperuka mpaka barabarani. Akaenda na kikapu, akachambua siku mbili nzima, akaokota zenye namba yake. Tano za juu, zile zenye wino wa bluu, hazikulipwa mpaka anaingia kaburini. Mwenye shamba alishaondoka, na kila aliyeulizwa alimtaja mwingine. Alikuwa akiniambia, "Hizi watakuja kuziuliza siku moja." Hakuna aliyekuja kuuliza.

Mimi mambo ya mkonge nimeyafundisha darasani miaka thelathini na tisa. Kwamba Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893 na iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Kwamba katika miaka ya mwanzo ya Uhuru nchi yetu ilitoa zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka na hakuna nchi iliyotushinda. Kwamba mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakachukuliwa na serikali, kisha kamba za plastiki zikaingia duniani na bei ikaporomoka, hata kufikia mwisho wa miaka ya tisini tulikuwa tunatoa kama tani elfu ishirini tu. Watoto wanakariri, wanafaulu. Hakuna hata siku moja niliyowaambia kwamba baba yangu alikuwa mle ndani ya zile tani.

Hapo ndipo ninapotakiwa kukuambia jambo ambalo hata mama yako halijui.

Mwaka 1981 nilikuwa sekondari, Tanga mjini. Babu yako alishatolewa kwenye kukata, alikuwa korona, kwenye mashine ya kuchakata. Wewe hukuikuta ile harufu. Majani yakishasagwa, katika kilo mia singa ni kama kilo nne tu, zinazobaki ni maji ya kijani na makapi yanayochacha, na ile harufu haitoki nguoni wala mwilini hata uoge mara ngapi. Siku hiyo alipanda lori la marobota lililokuwa linakwenda bandarini, akaomba ashushwe shuleni kwetu. Amesimama getini na nguo za kazi. Amebeba mche wa sabuni amekunja kwenye gazeti. Wakati ule sabuni ilikuwa haionekani madukani, sijui aliipata wapi, sijui aliipangia foleni ngapi. Wenzangu wakaniuliza, yule nani? Nikasema, "Mtu wa nyumbani."

Alikuwa hatua tatu. Alisikia. Akanipa sabuni, akanipa noti ya shilingi ishirini, akasema, "Haya binti, soma." Akageuka. Hakulitaja mpaka amekufa, na mimi sikuomba radhi mpaka amekufa.

Kwa hiyo najua utasema, shangazi na wewe ulimdharau. Nilimwonea haya, ndiyo. Lakini nilinyamaza, nikasoma, nikawa mwalimu, nikamjengea nyumba ya matofali ile unayoijua, na kila mwezi sukari yake ilifika. Haya yangu niliyalipa kwa miaka arobaini. Wewe ya kwako uliyasema hadharani, siku ya msiba wake, ukitumia jina lake. Usiniambie ni sawa. Nimeshajaribu mwenyewe kusema ni sawa, usiku, haikubali.

Tukija kwenye ile kazi uliyoiacha. Unasema sikukuuliza kama unaitaka. Kweli sikukuuliza. Nilikwenda kwa mwanafunzi wangu wa zamani, nikakaa kwenye benchi la wageni tangu saa mbili hadi saa nane mchana, mimi mwalimu wake, nikanyenyekea, akakuweka kwenye ile meza. Ulikaa miezi kumi na minne. Ukaacha kwa ujumbe wa simu. Mimi habari nikazipata kwake, na alivyoniangalia siku hiyo sitaki kueleza.

Lakini nielewe na mimi natoka wapi. Mwaka 1983, nilipokuwa kijana kuliko wewe sasa, ilitungwa sheria ya nguvu kazi. Mtu asiye na kazi inayotambulika mjini alikamatwa, akapandishwa gari, akarudishwa kijijini akalime. Mwaka huohuo walikuwa wanasakwa walanguzi, mtu akiwa na mifuko miwili ya sukari uvunguni hapati usingizi. Sisi tulikua tukijua kwamba kazi ni kile kinachoandikwa kwenye fomu mbele ya neno "kazi". Mtu akikuuliza unafanya nini na huna neno moja la kujibu, wewe ni wa kukamatwa. Ndiyo maana ukisema "mishe" moyo wangu unashtuka. Sikudharau. Naogopa.

Nilipoajiriwa mwaka 1985 nilidhani nimefika. Mwaka mmoja baadaye shilingi ikashushwa thamani, mshahara ukawa unaisha tarehe kumi. Ukawa wakati wa ruksa ya Rais Mwinyi, na walimu tukajiruhusu. Hili nalo ulijue leo. Baba yako alipofariki, ada yako nilikuambia ni mshahara wa shangazi. Haikuwa mshahara. Ilikuwa vitumbua. Naamka saa tisa usiku, natwanga mchele uliolowekwa tangu jana, nakaanga, yule binti wa jirani anaviuza kituoni kabla hakujakucha, saa moja na nusu mimi nipo mstarini nimeshika chaki na hakuna anayejua. Nilijipaka mafuta mengi mikononi ili wasinuse moshi. Kwa nini nilikuficha? Kwa sababu nilitaka uheshimu chaki. Nilitaka uamini kwamba mtu akishika kazi moja akatulia nayo, ile kazi inamlea. Na kuna mwaka 2018, serikali ilipotaka tulipwe robo tu ya mafao ya kustaafu kwa mkupuo, nilikaa nikapiga hesabu zangu kwenye daftari, nikaona vitumbua ndivyo vilivyonijengea. Kile kikokotoo, yaani ile kanuni ya kupiga hesabu ya mafao, kilisitishwa mwisho wa mwaka, lakini hesabu niliyoiona niliiona.

Ningekuambia mapema pengine usingecheka vile. Au ungecheka zaidi. Sijui. Nilifanya nilivyojua, na wewe ulikula na ukasoma, hilo lazima unipe.

Mwezi wa nne nilikuja kwenu. Mama yako hakukuambia kwa sababu nilimkataza. Saa nne asubuhi ulikuwa umelala, umejikunja kwenye kochi na viatu miguuni, kompyuta iko wazi mezani. Nikasogea kuifunika kwa sababu ya vumbi. Mama yako akanieleza kwamba unasikiliza sauti za watu wakiongea Kiswahili na kuandika wanayoyasema, ili mashine za huko nje zijifunze lugha yetu. Nikavaa miwani. Juu, mahali pa jina, pameandikwa namba. Chini yake, kazi 61 kati ya 70. Nyingine zina alama nyekundu, nikauliza nyekundu ni nini, akasema hizo zimekataliwa, hazilipwi. Nani kazikataa? Akasema hata wewe mwenyewe hujui, huwa zinakataliwa tu.

Nilikaa kwenye kiti chako, baba. Nilikaa muda mrefu, chai ikapoa. Wewe uliyetuambia huna bosi, nyapara wako ni nani? Anakaa nchi gani? Yule wa babu yako angalau alimjua sura, na siku moja walimfuata nyumbani kwake usiku wakamwambia siku zetu ziandike, akaandika. Sikuulizi kwa kukukomoa. Nilitaka kukuamsha nikuulize palepale, halafu nikaona kidole chako cha shahada kinatikisika usingizini kama bado kinabonyeza. Nikakufunika khanga yangu, ile ya njano, mama yako atakuwa alikuambia ni yake. Nikapanda basi la jioni.

Bado nakudai ile siku ya msiba, siwezi kujifanya imeisha. Na kofi sijaliombea radhi kwa sababu nikilifikiria mkono wenyewe unakataa. Ila zile hela ulizotuma mwezi wa sita kwa namba ya mama yako, ukamwambia aseme ni za kikundi chake, nazijua. Dawa ya presha nilinunua nazo.

Mwezi wa nane, Jumamosi ya pili, tunajengea kaburi. Fundi ameshapewa mchanga. Umeme siku hizi upo mpaka kambi ya zamani, kwa hiyo njoo na hiyo kompyuta, usikose siku zako kwa ajili yetu. Sanduku la bati liko uvunguni mwa kitanda changu, sijalifungua tangu ulifunge wewe. Zile tano zenye wino wa bluu ziko juu kabisa. Mimi nitaloweka mchele Ijumaa usiku.